Kabla hujampelekea fundi laptopu "akutilie Windows": uzi wa kulinda kompyuta ya nyumbani

Fundi_Kibokoni (mwenye uzi)

Masalkheri wanajukwaa.

Swali ni lile lile kila mara: "Antivairasi gani nzuri ya laptopu ya nyumbani?" Si swali baya, ila mara nyingi huulizwa mambo yakiwa yashaharibika. Natengeneza kompyuta hapa kisiwani Mombasa, na nyingi ya zinazoletwa kwangu zikiwa zimejaa virusi hazikuvamiwa na mtaalamu aliyekesha ng'ambo akizitafuta. Ziliharibika siku zilipotoka dukani.

Mambo huenda hivi. Mtu anapita Moi Avenue au Digo Road, ananunua laptopu ya ThinkPad au EliteBook ya ex-UK (iliyokwisha tumika Uingereza), mashine imara kabisa. Muuzaji anamwambia, "Ntakutilia Windows, Office na antivairasi, zote bure." Kijana anachomeka flashi, anazima kinga ya Windows, anaendesha kiprogramu cha kuvunja leseni, anaiwasha tena kinga (au anasahau), anakukabidhi mzigo wako. Ukifika nyumbani kila kitu kinafunguka. Unaingia imeili, unaingia eCitizen ya huduma za serikali, iTax ya kodi, benki. Na kile kiprogramu kiko pale pale, kimepewa ruhusa ya msimamizi, na kinga imeshaambiwa isikitazame.

Sisemi kila kivunja leseni kina virusi. Nasema huna njia ya kujua, maana sharti lake la kwanza ni uzime kile ambacho kingekuambia. Kinachojulikana zaidi ni KMSPico. Desemba 2021 wachunguzi wa Red Canary walieleza jinsi vifurushi vyake bandia vilivyokuwa vikibeba Cryptbot, programu inayoiba pasiwadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Na leseni ilivunjwa kweli, kama mtu alivyotarajia. Anaona Windows imekubali, anashukuru, na wezi washachukua chao.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi hakikuhitajika hata hicho kiprogramu. Tangu Windows 8 ya 2012, kompyuta za kampuni kubwa hutoka kiwandani na ufunguo wa leseni umeandikwa ndani ya ubao wenyewe. Ukipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, ukaiweka kwa toleo lile lile lililokuja na mashine, inausoma ule ufunguo, na ukiunganisha intaneti inajithibitisha yenyewe. Huandiki kitu. Hizi ex-UK nyingi zilikuwa za maofisini, zina leseni ya Pro. Yaani kijana amevunja mlango uliokuwa wazi.

Na ikiwa kweli haina leseni? Windows isiyothibitishwa inaendelea kufanya kazi. Itakuandikia maneno pembeni ya skrini na itakukataza kubadili picha ya nyuma, lakini masasisho ya usalama inapokea. Mimi bora hayo maneno.

Mkitaka kuangalia yenu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr kisha Enter. Kitatokea kijidirisha. Kikisema imethibitishwa daima, vyema. Kikikupa tarehe ya mwisho, isiyozidi siku 180 mbele, hiyo ni KMS: utaratibu wa makampuni, ambapo kompyuta hupaswa kuripoti kwenye seva ya ofisi. Sasa wewe uko nyumbani kwako Mikindani, ofisi gani hiyo?

Halafu fungua Windows Security, ingia sehemu ya kinga dhidi ya virusi, teremka kwenye mipangilio mpaka palipoandikwa Exclusions. Hapo ndipo huwekwa vitu ambavyo kinga isivikague. Ukikuta folda ambayo hukuiweka wewe, kuna mtu aliiweka. Nimeshaona mashine ambayo diski C nzima imo kwenye orodha hiyo, na mwenyewe analipia antivairasi ya pili juu yake.

Haya, karibuni.

Yakhe_wa_Makadara

Fundi, maneno matamu lakini unazungumza kama pesa zinaokotwa Marikiti. Kijana wa chuo anunue laptopu, anunue na Office? Hizi cracks za kuvunja leseni tumetumia tangu enzi za saiba, flashi ikiingia kompyuta kumi kwa siku, na tuko hai. Unataka kutuuzia nini wewe?

Bi_Tudor

Mimi nimeandika hiyo slmgr sasa hivi na imenipa tarehe. Niliponunua niliambiwa ni Windows halali kabisa, hata stika ilibandikwa chini. Mimi ni mwalimu, mitihani ya watoto na kazi zangu zote zimo humo, na imeili yangu iko wazi saa zote. Nifanye nini, fundi? Tafadhali nieleze polepole.

Fundi_Kibokoni

Yakhe, siuzi kitu, na sijamwambia mtu anunue leseni. Soma tena. Word na Excel za kutumia ndani ya kivinjari Microsoft hutoa bure, unahitaji akaunti tu. LibreOffice ni bure na inafungua hati za Word. Kinga ya virusi imo ndani ya Windows yenyewe tangu hiyo hiyo 2012 na kwa nyumbani inatosha, mradi hukuizima. Hapo crack ya nini? Na hizo enzi za saiba unazozisifu, kirusi kilikuwa kikificha mafaili yako kwenye flashi na kukuachia njia za mkato. Kero, lakini data yako ilikuwepo. Wa sasa hawataki kukukera. Wanataka usijue kama wamo.

Bi Tudor, pole, na usifadhaike. Tarehe peke yake haithibitishi kwamba umeibiwa, ila ningekuwa wewe nisingeiamini tena hiyo Windows. Kuondoa kile kiprogramu pekee hakutoshi, maana hujui kiliacha nini nyuma. Fanya hivi.

Kwanza usibadilishe pasiwadi yoyote ukiwa kwenye laptopu hiyo. Kama kuna kitu kinasikiliza, kitaisikia na mpya. Chukua simu yako, anzia na imeili. Imeili ndiyo ufunguo wa vyote: ukisahau pasiwadi ya eCitizen, kiungo cha kuibadilisha kinatumwa huko, hali kadhalika iTax na Facebook. Mwenye imeili yako ana vyote. Ukishaibadilisha, tafuta pale panapoorodheshwa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako na uvitoe vyote. Hatua hiyo watu wengi huiruka. Programu hizi za wizi hazichukui pasiwadi tu, huchukua na zile kuki zinazoifanya Gmail isikuulize pasiwadi kila ukifungua. Mwizi akiwa na kuki hiyo anaweza kuingia moja kwa moja kama wewe, wala hataombwa nambari ya SMS. RedLine ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo, ikiuzwa kwa yeyote mwenye pesa tangu 2020, mpaka Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine walipoziangusha seva zake. Zipo nyingine.

Kisha nakili hati zako kwenye diski ya nje: Word, PDF, picha. Usinakili programu wala mafaili ya kusakinishia. Halafu weka Windows upya kutoka flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta unayoiamini, ufute diski yote, usichague ile njia ya kubakisha mafaili. Ikimaliza, usiharakie kuingiza kitu. Unganisha waifai, iache ivute masasisho, ndipo urudishe hati zako.

Mtanga_Kindakindaki

Habari za huko wakuu, nawafuatilia kutoka ng'ambo ya mpaka, Tanga. Mkuu fundi umenena, ila umesahau kundi moja. Kuna sisi wenye mashine kuukuu ambazo Windows 11 imezikataa. Mimi nilihamia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inaruka vizuri kwenye RAM ya giga 4, na hizo crack zote za Windows hazinihusu. Kwa nini msiwashauri watu wahame tu?

Fundi_Kibokoni

Mtanga, kwa mtu wa kivinjari, barua na filamu, nakuunga mkono. Nimewawekea wazee kadhaa Mint na hawajui hata kama walihama. Lakini mhasibu mwenye programu yake ya Windows ama kijana wa kuhariri video utamtesa. Na Linux si hirizi. Ukimpa mtu pasiwadi yako kwenye ukurasa bandia wa benki, haulizi umetumia nini kuiandika.

Hilo la mashine kuukuu ni la maana. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilifungua muda wa nyongeza kwa watu wa majumbani mpaka 13 Oktoba 2026, lakini ni lazima ujiandikishe, haiji yenyewe. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo mkinunua ex-UK, msiulize tu "i5 ama i7?" Ulizeni kizazi. i7 ya kizazi cha 4 ni mzee kuliko i3 ya kizazi cha 8, hata muuzaji aape vipi.

Mama_Salha

Assalaam aleikum. Naomba msaada, nimechanganyikiwa. Mpwa wangu alipakua programu ya kuhariri video, akaambiwa azime kinga kwanza, akazima. Asubuhi mafaili yote yamebadilika majina, kila moja lina herufi nne mwishoni ambazo sizielewi, na kila folda ina faili moja limeandikwa _readme.txt. Wanataka dola 980, na wanasema nikiwaandikia kabla ya saa 72 watanipunguzia nusu. Humo mna picha na video za arusi ya dada yangu. Fundi mmoja hapa jirani ameniambia atazifungua kwa elfu kumi na tano. Nimpe?

Fundi_Kibokoni

Waaleikum salaam Mama Salha, pole sana. Usimpe kwanza, na hao wa dola usiwaandikie.

Kwa maelezo yako, hivyo virusi vya kudai fidia vinafanana na jamii ya STOP, wengine huita Djvu. Bei yao ni hiyo hiyo, 980 na nusu yake 490, na njia yao kubwa ya kuingilia majumbani ni programu zilizovunjwa leseni. Itoe laptopu kwenye waifai sasa hivi na uchomoe flashi na diski yoyote iliyochomekwa. Usifute mafaili yaliyofungwa, wala hiyo _readme, maana ndani yake mna kitambulisho kinachohitajika kujua kama yanafunguka.

Kisha, kutoka kompyuta nyingine, ingia tovuti ya No More Ransom. Ilianzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, na vifaa vyake ni vya bure. Kwa STOP kuna kifungulio cha kampuni ya Emsisoft kilichotoka Oktoba 2019. Sikufichi kitu: matoleo ya zamani kinafungua mengi, mapya kinafungua tu pale ambapo virusi vilikosa kuwasiliana na seva yao na vikatumia ufunguo wa akiba. Kama ufunguo wako ulitoka kwao moja kwa moja, hakuna fundi wa Mombasa wala wa Nairobi atakayeyafungua hayo mafaili. Huyo wa elfu kumi na tano muulize atatumia kifaa gani. Kama ni hicho cha bure, utakitumia mwenyewe.

Ila kuna tundu moja. Virusi hivi hufanya haraka, kwa hivyo kwenye kila faili hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu na kuacha kilichobaki. Hati fupi ya Word inakwenda yote. Lakini video ya arusi ya giga mbili, karibu yote ipo. Zipo programu za kurekebisha video za namna hiyo, unazipa video nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera ile ile ziige mwanzo wake. Fanyia nakala, usiguse faili lenyewe.

Na picha: kamera ilikuwa ya nani? Muulize mpigaji kama kadi yake bado anayo. Hata akiwa alishaifuta, muombe asipige kitu kingine juu yake. PhotoRec ni bure na huvuta picha zilizofutwa ambazo hazijaandikiwa juu. Kisha pitia WhatsApp za mashangazi, huwezi kujua nani alitumiwa nini.

Baadhi ya matoleo ya STOP huja na mwizi wa pasiwadi pembeni, basi fuata na yale niliyomwambia Bi Tudor hapo juu, kwa simu.

Mama_Salha

Mpigaji picha yuko Majengo, nimempigia, kadi mbili bado anazo. Moja ameshapigia shughuli nyingine. Namfuata kesho asubuhi. Mungu akuweke.

Kijana_Mtopanga

Niongeze moja ambayo haikuhitaji crack wala kuzima chochote. Nilikuwa natafuta kitabu cha somo, nikafika ukurasa wenye kile kisanduku cha "mimi si roboti". Nikabofya. Badala ya picha za taa za barabarani, ukaniambia: ili kuthibitisha, bonyeza Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Nikashtuka hapo kwenye Ctrl na V, maana mimi sijanakili kitu, ninabandika nini? Nikafungua Notepad nikabandika huko. Ikatoka amri ndefu ya PowerShell, ile programu ya Windows ya kuendesha amri, inayokwenda kuvuta kitu kwenye anwani ya ajabu. Ukurasa wenyewe ndio ulioninakilia kimya kimya nilipobofya. Enter moja tu ningekuwa nimeiendesha kwa mkono wangu.

Yakhe_wa_Makadara

Ngoja ngoja. Windows na R si ndiyo ile aliyotuambia fundi tubonyeze pale juu? 😂 Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi_Kibokoni

Hahaha, Yakhe umenikamata, na ni haki yako. Tofauti ni hii: mimi nimekupa neno moja unaloweza kuliandika kwa vidole vyako na kulitafuta kwanza ujue linafanya nini. Ukurasa wa tovuti ukikutaka ubandike kitu usichokiona, funga. Hakuna uthibitisho wa kweli wa "si roboti" unaokutoa nje ya kivinjari. Hila hii imeenea tangu 2024, na mara nyingi antivairasi huchelewa kushika, kwa sababu anayeendesha amri ni wewe, na PowerShell ni mali ya Windows. Kijana, hiyo ya kubandika Notepad kwanza ni akili nzuri.

Mzee_Mtongwe

Vijana, hamjambo. Mimi nimestaafu bandarini, nina laptopu ya kuandikia na kusoma magazeti. Nina mawili. Kwanza, masasisho nimeyazima kwa sababu yanakula bando. Naweka la wiki, asubuhi naamka limekwisha na sijafungua hata ukurasa mmoja. Pili, diski yangu ya nje imeshika kutu pale pa kuchomekea, hewa ya chumvi huku kwetu haina huruma. Nanyi mnasema watu waweke nakala kwenye diski. Itadumu kweli?

Fundi_Kibokoni

Hatujambo mzee wangu, shikamoo.

La bando ni la kweli, na wanaotushauri wenye faiba hawalijui. Ila kuzima kabisa kuna historia yake. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu kwenye sehemu ya Windows inayogawana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kikatoka WannaCry, kikapita kwenye tundu lile lile, kikaingia nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Mtu hakuhitaji kubofya chochote. Dawa ilikuwepo karibu miezi miwili kabla.

Kwa hivyo usizime, ratibu. Kwenye laptopu, fungua mipangilio ya ile waifai inayotoka kwenye simu yako, uiambie Windows kwamba muunganisho huu ni wa kupimwa (metered). Hapo mengi hayatajipakua mpaka uruhusu. Unaweza pia kuahirisha mpaka wiki 5. Halafu siku ukienda kwa mwanao mwenye faiba, beba laptopu na chaja, iache ivute ukinywa kahawa.

Diski itadumu ukiitunza kavu. Itie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu, uifute vumbi kwanza. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa hata kwa virusi, isikae imechomekwa. Diski iliyochomekwa usiku kucha ingefungwa pamoja na laptopu, kama mafaili ya Mama Salha. Hati chache zile muhimu, cheti na pensheni, weka nakala nyingine kwenye Google Drive. Giga 15 ni za bure, na faili likiharibika, toleo la awali hukaa siku 30.

Dada_Waya

Naingia kwa upande wangu, mimi kazi yangu ni kufunga mitandao ya majumba, Nyali na Bamburi zaidi. Fundi amezungumza laptopu, hakuna aliyegusa ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai. Naingia nyumba ya mtu, geti lina askari na mbwa, na ruta pasiwadi yake ya usimamizi bado ni admin. Kamera za CCTV pia, vivyo hivyo. Mnakumbuka programu hasidi ya Mirai ya 2016? Ilikuwa ikijaribu orodha ya majina na pasiwadi za kiwandani zisizozidi mia, basi, na ikateka malaki ya kamera na ruta duniani, zikatumiwa kuangusha huduma kubwa za mtandao Marekani Oktoba mwaka huo. Wenye kamera hawakujua, picha zilikuwa zikionekana kama kawaida.

Badilisheni pasiwadi ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo si ile ya waifai. Zimeni WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe ama PIN. Kwenye ulinzi wa waifai chagueni WPA2 ama WPA3. Na kwa ruta za zamani, kama kampuni yake haitoi tena masasisho, nunueni nyingine kabla ya kununua antivairasi.

Jirani_Bamburi

Dada, sisi fleti nzima tunachangia waifai moja, kila nyumba inatoa mia tano. Kuna tatizo? Na juzi kijana wa juu alijisifu kwamba ameingia kwenye kompyuta ya mpangaji mwingine "kwa mzaha tu".

Dada_Waya

Kuchangia wenyewe ndivyo tunavyoishi, sitawaambia muache. Ila omba aliyeifunga atenganishe: nyingi ya ruta zina mtandao wa wageni, na zipo zinazozuia kifaa kimoja kisione kingine. Na kwenye laptopu yako, Windows ikikuuliza kama mtandao ni wa umma ama wa nyumbani, jibu wa umma, hata kama uko kitandani kwako. Hapo haitaonyesha mafaili yako kwa majirani.

Huyo kijana mwambieni kwa upole kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 haina kifungu cha mzaha. Kuingia bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, ama kifungo kisichozidi miaka 3, ama vyote viwili. Na ripoti za namna hiyo zinapokelewa na KE-CIRT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Fundi, kwenye pasiwadi mimi na wewe hatukubaliani, najua. Wewe utawaambia watumie programu ya kutunzia. Kwa kijana, sawa. Lakini mamangu ana daftari, ameandika zote kwa wino, ziko kabatini chini ya leso, na kila moja ni tofauti na ni ndefu. Mwizi wa ng'ambo hawezi kufungua kabati la Old Town. Bora yeye kuliko mwenye pasiwadi moja kila mahali.

Fundi_Kibokoni

Hapo sikubishii. Nilikuwa nakataa daftari zamani za saiba, watu wakiliacha mezani. Kwa nyumbani, na kama wajukuu si wa kupekua, daftari ni sawa. Ninachokataa ni pasiwadi ya benki kuhifadhiwa kwenye kivinjari cha laptopu ambayo nyumba nzima inaitumia.

Bi_Tudor

Narudi na habari. Mtoto wa dadangu amenisaidia, tumefuta diski yote na kuweka Windows upya. Haikuuliza ufunguo. Tulipounganisha waifai ikaandika imethibitishwa, Pro, leseni ya kidijitali. slmgr sasa haina tarehe. Kwenye imeili nilikuta kifaa kimoja kimeingia kutoka mji ambao sijawahi kufika, nimekitoa. Pasiwadi nimebadilisha zote kwa simu.

Fundi_Kibokoni

Mashallah. Hicho kifaa kisichojulikana ndicho kilichokuwa kikinitia wasiwasi. Ingia na kwenye mipangilio ya imeili uangalie kama kuna sheria ya kupeleka barua kwa anwani nyingine. Wakiingia hupenda kuiacha hiyo, ili ukibadilisha pasiwadi barua ziendelee kuwafikia. Angalia pia nambari ya simu na imeili ya akiba, ziwe zako.

Bi_Tudor

Sheria hakuna. Imeili ya akiba ilikuwa ya kazini kwangu kwa zamani, nimeifuta.

Mzee_Mtongwe

La mwisho, kisha nawaacha mkalale. Wajukuu wanakuja likizo na wote wanataka michezo. Nikiwanyima watalia, nikiwapa watanijazia takataka. Nifanyeje?

Dada_Waya

Mzee, wafungulie akaunti yao, iwe ya mtumiaji wa kawaida, isiwe ya msimamizi. Yako uitie pasiwadi wasiyoijua. Wakitaka kusakinisha kitu kinachogusa mfumo, Windows itaomba pasiwadi yako, na hapo watakuita. Waambie kabisa: mchezo ukisema "zima antivairasi kwanza", hapo hapo ni hapana, hata kama rafiki yao shuleni anao. Michezo ichukuliwe kwenye duka la Microsoft ama tovuti ya mwenye mchezo. Na hati zako hawataziona, ziko upande wako.

Mzee_Mtongwe

Hiyo naiweza. Pasiwadi nitaitia jina la meli ya kwanza niliyoifanyia kazi, na mwaka wake.

Dada_Waya

Mzee wangu, umeshatuambia sote. Tafuta nyingine 😄